Lori la Babu Lilihitaji Vumbi la Safari

Wengi wetu tuliolelewa mashambani tulikuwa mafundi wa magari kabla ya kuota ndevu. Waya wa ua na ndara kuukuu vilitosha kuunda basi, nalo lilisukumwa hadi sokoni na kurudi nyumbani na vumbi la kweli. Kwa hiyo binamu yangu aliponiletea kutoka Uingereza, mwaka wa 1993, sanduku la lori dogo la kijeshi la plastiki, la kuunganishwa kwa mkono, nilidhani sina la kujifunza.

Kipimo chake kilikuwa moja kwa thelathini na tano. Mtu wa sentimita 175 hapo huwa na sentimita 5 tu, na lori la mita 6 hulala kwenye kiganja. Kipimo hiki kilianzia kwa kampuni ya Tamiya ya Japani, iliyotoa kifaru cha aina ya Panther mwaka wa 1961. Hakikuchaguliwa kwa hesabu za wataalamu. Walitaka tu mota na betri zienee tumboni mwa kile kifaru. Leo waunda magari ya vita ulimwenguni kote wanakifuata kipimo hicho kama sheria.

Niliunganisha lori langu kwa usiku tatu, nikalipaka rangi ya mchanga, kisha nikalipaka matope kila mahali, maana gari la vita lazima lichafuke, sivyo? Nikampelekea babu kwa madaha.

Marehemu babu alikuwa dereva wa jeshi mwaka wa 1941, majeshi yalipotoka Kenya kwenda kuwafukuza Waitalia. Kismayu ilitekwa tarehe 14 Februari, Mogadishu tarehe 25, na Addis Ababa ikaingiwa tarehe 6 Aprili. Mwendo wa chini ya miezi miwili, na nyuma ya askari wa Keya na wenzao wa Nigeria na Gold Coast kulikuwa na malori, malori, malori. Babu aliligeuzageuza lile langu karibu na dirisha, akasema halijasafiri popote ila limemwagiwa tope. Akaniuliza tope la juu ya paa lilipandaje huko.

Sikuwa na jibu. Nililiosha lote nikaanza upya, safari hii babu akiwa kitini kando yangu.

Msomaji, siri yote ya kulichakaza gari dogo ni hilo swali la mzee: uchafu huu umefikaje hapa? Magurudumu hurusha vumbi kwenye madigadi na upande wa nyuma, kwa hiyo hapo ndipo pa kupaka zaidi. Pale dereva anapokanyaga akipanda, rangi humalizika na chuma huonekana. Mdomo wa tangi huwa na doa jeusi la petroli iliyomwagika. Kwenye kioo, kipangusio huacha nusu duara safi. Na vumbi jipya hulala juu ya la zamani, hivyo rangi ya vumbi la magurudumuni sharti ilingane na ardhi utakayoliegesha gari lako. Aliyepitia Voi wakati wa kiangazi haelezwi zaidi.

Kazi yenyewe haihitaji utajiri. Rangi ya kwanza ikikauka, ipake vanishi ili isiyeyuke. Chukua rangi ya mafuta ya kahawia, izimue kwa tapentaini hadi iwe kama chai ya rangi, uiache itiririke kwenye mikunjo na pembeni mwa misumari. Kisha chovya brashi katika rangi iliyofifia, ipanguse kwenye kitambaa hadi ikaribie kukauka, uipitishe juu juu ya kingo. Mbelgiji François Verlinden ndiye aliyezieneza sana mbinu hizi mbili. Michubuko nayo hupigwa kwa kipande cha sponji, kidogo kidogo. Hapa ndipo wengi hukosea, nami nikiwa wa kwanza: mkono ukizoea kudonoa hauachi.

Kwa ardhi, nilichukua udongo wa shambani. Babu akacheka. Punje ya mchanga ya milimita moja, kwa kipimo hiki, ni jiwe la sentimita tatu na nusu! Barabara yangu ilikuwa kokoto tupu. Ikabidi niutwange udongo na kuuchekecha kwa soksi ya nailoni ya mama, bila ruhusa yake.

Lori peke yake ni gari tu. Likiwekwa mahali pake, na watu na shughuli, ndipo linaitwa diorama. Mmarekani Shepard Paine aliandika kitabu maarufu juu ya ufundi huo mwaka wa 1980, na msisitizo wake ulikuwa hadithi: mtazamaji aone kuna jambo linalotukia. Sanduku langu lilileta askari wawili Wazungu. Babu akauliza walikuwa wakifanya nini ndani ya lori lake. Nikawapaka upya kwa kahawia iliyochanganywa na wekundu kidogo, kwani nyeusi hufanya uso uwe kama kaa la moto lililozimika, na mmoja nikampa usukani.

Wa pili babu alitaka alale chini ya lori, miguu peke yake ikionekana. Alikuwa rafiki yake, aliyependa kujilaza kivulini kila msafara uliposimama, na ambaye hakurudi. Sikuwahi kusikia habari zake kabla ya siku hiyo, wala mama yangu hakuwahi.

Nilipomaliza, mzee alikagua kwa muda mrefu. Kosa lilikuwa moja. Mlango niliouchubua, pale dereva anapoegemeza kiwiko, ulikuwa wa kushoto. Usukani wa lori lile ulikuwa kulia. Nikachukua brashi tena.