Ufafanuzi: Jinsi Marekebisho ya Msimbo Yanavyoingizwa Katika Mfumo wa Kumbukumbu za Wagonjwa wa OpenMRS

Mwananchi anayehudhuria kliniki ya Virusi vya Ukimwi (VVU) katika vituo vingi vya afya nchini Kenya hufunguliwa faili la kielektroniki. Dawa alizopewa, matokeo ya vipimo vyake na tarehe yake ya kurudi huhifadhiwa katika KenyaEMR, mfumo uliojengwa juu ya programu huria iitwayo OpenMRS. Kasoro inapojitokeza katika programu ya aina hii, njia ya kuirekebisha ni tofauti na ile ya programu za kununuliwa, na inafaa wananchi waielewe.

OpenMRS ina mizizi humu nchini. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot kilianza kutumia kompyuta kuweka kumbukumbu za wagonjwa, chini ya ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na wataalamu wa Indiana, Marekani. Kutokana na kazi hiyo, wazo la OpenMRS lilibuniwa mwaka 2004, na Februari 2006 programu hiyo ikaanza kutumika Eldoret. Rwanda ilifuata mwaka huohuo. Uganda nayo ina mfumo wake uliojengwa juu ya msingi huo, UgandaEMR.

Programu huitwa huria kwa sababu msimbo wake, yaani maelekezo yaliyoandikwa ambayo kompyuta huyafuata, uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuunakili na kuubadili. OpenMRS hutolewa chini ya Leseni ya Umma ya Mozilla, toleo la 2.0. Ieleweke kwamba kilicho wazi ni msimbo, si taarifa za wagonjwa. Hizo hubaki katika seva za wahusika, na anayesoma msimbo haoni jina la mgonjwa yeyote.

Tuchukue mfano. Afisa wa teknolojia katika hospitali ya kaunti anagundua kwamba mgonjwa aliyepewa dawa za siku 90 mwezi Novemba ameandikiwa kurudi Februari ya mwaka uleule, tarehe iliyokwisha kupita. Mfumo unamworodhesha kuwa amekosa miadi, na mhudumu anaanza kumtafuta kwa simu mtu ambaye dawa zake hazijaisha. Afisa huyo anaweza kurekebisha msimbo katika seva ya hospitali yake na kumaliza kazi alasiri moja. Lakini toleo jipya litakapowekwa, marekebisho yake yatafutika na kasoro itarejea, pengine yeye akiwa amekwisha kuhamishwa. Wakati huo wote, hospitali ya kaunti jirani itakuwa na kasoro ileile bila kujua kwamba dawa yake imekwisha kupatikana.

Kwa hiyo njia iliyo bora ni kuyapeleka marekebisho kwenye chanzo. Kwanza kasoro huandikishwa katika orodha ya kazi ya mradi na kupewa namba. Kisha mtaalamu huchukua nakala ya msimbo kutoka GitHub, hutengeneza tawi lake mwenyewe, na kubadili sehemu ile tu inayohusika. Hapa ndipo wageni wengi hukosea: hurekebisha tarehe, na wakiwa humo humo wakapanga upya mistari mingine 200 kwa sababu haikuwapendeza. Mkaguzi hawezi tena kutofautisha dawa na mapambo. Pamoja na marekebisho huambatanishwa jaribio, yaani msimbo mfupi unaouliza mfumo swali lenye jibu linalojulikana. Katika mfano wetu, jaribio litataka jibu liwe Februari ya mwaka unaofuata, ili kasoro hiyo ikirudi siku za usoni igunduliwe kabla ya kufika hospitalini. Maelezo ya badiliko huanza na ile namba ya kasoro.

Hatimaye hutumwa ombi la kuunganisha mabadiliko. Kompyuta huendesha majaribio yote yenyewe, kisha mtu mwingine mwenye uzoefu husoma kila mstari. Mara nyingi huuliza maswali na kurudisha kazi, jambo ambalo halipaswi kuchukuliwa kuwa ni dharau.

Ukali huo una sababu. Machi 2024 iligunduliwa kwamba programu huria ya kubana mafaili, xz, ilikuwa imetiwa mlango wa siri na mtu aliyejiita Jia Tan, ambaye alikuwa amechangia kwa takriban miaka miwili hadi akaaminiwa. Aliyeugundua ni mhandisi Andres Freund, baada ya kuona kuingia katika seva kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Uwazi wa msimbo ulimsaidia kufuatilia chanzo cha ucheleweshaji huo, lakini uwazi huohuo haukumzuia mhalifu.

Wafanyakazi wa vituo wanaoripoti kasoro wana tahadhari mbili za kuzingatia. Picha ya skrini yenye jina au namba ya mgonjwa halisi haipaswi kuambatanishwa kamwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda taarifa hizo, na mgonjwa wa kubuni hutosha kuonyesha tatizo. Aidha, udhaifu wa kiusalama huripotiwa kwa faragha kwa wasimamizi wa mradi, wala hautangazwi hadharani kabla haujazibwa.

Marekebisho yakikubaliwa hayafiki kliniki siku hiyohiyo. Husubiri toleo jipya la OpenMRS, kisha waandaaji wa KenyaEMR huliingiza katika mfumo wao na kulipima, ndipo kila kituo hulisakinisha. Katika kipindi hicho karani hana budi kulinganisha tarehe na kalenda ya ukutani. Mgonjwa naye akiona tarehe isiyoeleweka katika kadi yake ana haki, chini ya sheria hiyohiyo ya 2019, ya kutaka taarifa potofu zinazomhusu zisahihishwe, na anaweza kuanza kwa kumwonyesha kadi hiyo mhudumu kabla ya kuondoka dirishani.