Waliolala Shambani Nao Wahesabiwe

Wako watu wanaodhani kwamba hesabu ya watu ni kazi ya makarani, ianzayo kwa kalamu na kuishia kabatini. Wenye dhana hiyo na waende Ifakara. Huko, katika bonde la Mto Kilombero, tarakimu zimekuwa msingi wa elimu iliyookoa roho za watoto; na huko huko yaonekana jinsi tarakimu zinavyoweza kumpita mtu mlangoni pake pasipo kumwona.

Hospitali ya Mtakatifu Fransisko pale mjini yaweza kueleza ni watoto wangapi wamefia wodini. Haiwezi kueleza ni wangapi wamefia nyumbani, wala kama waliofia wodini walitoka miongoni mwa watoto mia au elfu kumi. Pasipo hesabu ya walio hai, hesabu ya wafu haina maana. Ndiyo sababu mtafiti, kabla hajashika sindano, hufungua kwanza vitabu vya sensa. Humo hupata jina la kijiji, mpaka wa kata, idadi ya kaya, na hata maana ya neno lenyewe “kaya”. Akiyapokea hayo, amekwisha pokea pia mgawanyo wa watu kama ulivyokatwa ofisini.

Na kila mgawanyo una mkataji wake. Mwaka 1957 serikali ya mkoloni iliwahesabu wasio Waafrika mwezi Februari, na Waafrika ikawangojesha hadi Agosti, kana kwamba hawakuwa wakiishi katika nchi moja. Sensa ya Agosti 1967, ya kwanza baada ya uhuru, iliwahesabu wote pamoja, watu milioni 12.3, ikauliza kabila na dini. Tangu hapo maswali hayo mawili yameachwa. Twausifu uamuzi huo, maana umoja wa nchi ni mali. Lakini atakaye kujua leo Wandamba ni wangapi, au Wasukuma wangapi wamehamia bondeni na ng'ombe wao, hana kitabu cha sensa cha kumjibu. Atabaki na makisio.

Sasa tutazame Ifakara yenyewe. Maabara iliyoanzishwa miaka ya 1950 na Mswisi, Profesa Rudolf Geigy, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, iliona kwamba sensa ya taifa, ijayo kila miaka kumi au zaidi, haitoshi kupima kifo cha mtoto mchanga. Mwaka 1996 ikafungua daftari lake katika vijiji 25 vya wilaya za Kilombero na Ulanga. Kila miezi minne mtu alipita nyumba kwa nyumba kuuliza nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama. Tangu mwaka 1997 vyandarua na dawa yake viliuzwa bondeni kwa jina la Zuia Mbu, na utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ukaonyesha kwamba chandarua chenye dawa kiliongeza nafasi ya kuishi kwa asilimia 27 kwa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne. Mpango wa taifa wa Hati Punguzo, ulioanza mwaka 2004, ulikuwa na ushahidi huo mkononi.

Lakini liko jambo ambalo kila mkulima wa mpunga bondeni analijua. Mvua zikianza, jamaa hufunga nyumba kijijini na kwenda kukaa katika vibanda vya shambani, mbali na zahanati, wiki nyingi mfululizo, wakilima, wakipalilia na kuamia ndege. Ndiyo majira ya mbu wengi. Sensa zetu zote tangu 1967 zimefanywa Agosti, mavuno yamekwisha na njia zimekauka. Karani humkuta mtu kijijini, humwandika kijijini, na dawa hupelekwa kijijini. Kitabu hakikusema uongo, maana mtu huyo alilala pale usiku ule. Kilichokosekana ni usiku mwingine mwingi, na hao ndio usiku ambao homa humpata mtoto. Watafiti wa Ifakara walikwenda mashambani humo kuchunguza hatari ya malaria katika msimu wa kilimo, kwa sababu daftari la kudumu lilikuwa limekwisha wafunza kwamba mlango uliofungwa si lazima uwe wa mtu aliyehama.

Kisha kuna majina ya maradhi. Mama aliyefiwa akiulizwa sababu, huenda akajibu “degedege”, na kwake ni ugonjwa kamili wenye mganga wake. Orodha ya kimataifa ya maradhi haina mlango wa jina hilo. Mwandishi hana budi kuliweka chini ya malaria au penginepo. Likiwekwa vibaya, malaria hupungua karatasini huku makaburi yakiongezeka.

Sensa ya Agosti 2022 ilitupa watu 61,741,120. Kabla ya ile itakayofuata, wananchi wa Mlimba, Mngeta na Ifakara wana haki ya kuuliza kwa nini fomu isiwe na swali moja zaidi: wakati wa masika, kaya hii hulala wapi? Viongozi wa vitongoji wanalijua jibu, nyumba kwa nyumba. Waulizwe.