Mchungaji Aliyekataa Mshahara

Mwishoni mwa mwezi wa Oktoba, mwaka 1830, katika mji mdogo wa Teignmouth ulio pwani ya kusini ya Uingereza, mchungaji mmoja kijana aliwaambia washirika wake kwamba tangu siku hiyo hataki tena kulipwa mshahara. Jina lake George Müller, na umri wake ulikuwa miaka 25. Alikuwa amekwisha oa katika mwezi huo huo.

Mshahara wenyewe haukuwa mkubwa, pauni 55 kwa mwaka. Lakini Müller alichunguza fedha hizo zatoka wapi, akaona zatokana na kodi ya viti vya kanisani. Tajiri alikodi kiti kizuri mbele, na maskini alikaa pale palipobaki. Naye alikuwa amesoma katika Waraka wa Yakobo jinsi mtume anavyowakemea wale wanaomkaribisha mwenye pete ya dhahabu na kumweka kando mwenye nguo mbovu. Basi akaiondoa kodi ile, akaweka sanduku kanisani, ili apendaye kumsaidia mchungaji atie humo chochote alicho nacho, bila kujulikana.

Mkewe, Mary, alikubali. Yeye alitoka katika jamaa iliyoyajua mambo hayo, kwani ndugu yake, Anthony Norris Groves, alikuwa daktari wa meno katika mji wa Exeter, naye aliiacha kazi hiyo yenye faida nyingi akaenda Baghdad kuihubiri Injili.

Wale waliomjua Müller utotoni wasingalisadiki habari hii. Alizaliwa Prussia, katika nchi ya Wajerumani, mwaka 1805. Baba yake alikuwa mtoza kodi wa serikali, na mtoto akajifunza mapema kuziiba fedha za serikali zilizokuwa mikononi mwa babaye. (Karani yeyote aliyepata kukabidhiwa sanduku la fedha ataielewa fadhaa ya mzee yule.) Alipokuwa na miaka 16 alitiwa gerezani kwa sababu ya kulala katika nyumba za wageni na kuondoka pasipo kulipa. Moyo wake uligeuka mwaka 1825, alipokuwa mwanafunzi katika chuo cha Halle, baada ya kualikwa nyumbani kwa Mkristo mmoja ambako watu wachache walikuwa wakiomba.

Mwaka 1832 alihamia Bristol, na mwaka 1836 akafungua humo nyumba ya mayatima, akianza na watoto wa kike. Kanuni zake zilikuwa ngumu. Hakuna mtu atakayeombwa fedha; haja za nyumba zitaambiwa Mungu peke yake. Wala hakuna deni litakalofanywa, hata liwe dogo namna gani. Mikate na maziwa, ambavyo kwanza vililipiwa kila juma kama ilivyokuwa desturi ya mji, vikaanza kulipiwa pale pale viletwapo, kwa kuwa Müller aliona kwamba hesabu ya juma ni deni la siku sita.

Imani hiyo ilijaribiwa sana mwishoni mwa mwaka 1841. Desturi ilikuwa kuwakusanya watu kila mwaka na kuwasomea taarifa ya kazi na ya fedha. Wakati huo ulifika, na hazina ilikuwa karibu tupu. Mtu mwingine angaliufurahia mkutano ule, maana taarifa tu ingaliwahurumisha matajiri. Müller aliuahirisha. Alisema kwamba kuisoma taarifa katika saa ya dhiki ni kuomba kwa njia ya kuzunguka. Mkutano ukangoja hata mwaka 1842, na katikati zilipita siku ambazo asubuhi haikuonekana fedha ya kununulia maziwa ya kesho. Wafanyakazi wa nyumba walitoa vyao kidogo kidogo, na watoto hawakuambiwa neno.

Wako waliomlaumu. Walisema kwamba taarifa zake zilizopigwa chapa kila mwaka zilikuwa ombi tosha. Hoja hiyo ina uzito wake, wala haifai kupuuzwa. Lakini taarifa hizo zilikuwa pia hesabu: kila senti iliyoingia iliandikwa na mtoaji akapewa stakabadhi, ila majina ya watoaji hayakutangazwa ili mtu asitoe kwa kutaka sifa. Yeye aliyesema kwamba anamtegemea Mungu hakuona kuwa hilo lamwondolea wajibu wa kuweka vitabu sawasawa, jambo ambalo baadhi ya wazee wa makanisa hulisahau.

Kazi ikakua. Majirani waliposumbuliwa na makelele ya watoto, nyumba mpya ilijengwa nje ya mji, Ashley Down, ikafunguliwa mwaka 1849 kwa watoto 300. Kufikia mwaka 1870 zilikuwa nyumba tano zenye nafasi ya watoto zaidi ya 2,000.

Kanuni kama hiyo ilifika hata Kenya. Mwaka 1895 Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walishuka Mombasa, wakaenda Nzaui katika Ukambani, nao walikuwa wamekubaliana kwamba misheni yao haitamwomba mtu fedha. Scott alifariki mwaka uliofuata, lakini kazi haikufa pamoja naye.

Müller mwenyewe alifariki asubuhi ya tarehe 10 Machi 1898, chumbani mwake Ashley Down, akiwa na miaka 92. Katika maisha yake fedha zilizopita mikononi mwake zilikaribia pauni milioni moja na nusu, na mayatima waliotunzwa walikuwa zaidi ya 10,000. Mali yake yote, vyombo vya nyumbani na vitabu pamoja, haikufika pauni 200. Katika vitabu vya hesabu palikuwa na mtoaji mmoja aliyeonekana mara kwa mara kwa miaka mingi, ameandikwa tu kuwa mtumishi wa Bwana Yesu, na jumla ya sadaka zake ilipita pauni 80,000. Mtu huyo alikuwa Müller.