Siri ndiyo Mlango wa Shetani: Nilivyowasikia Walokole wa Ruiru na Thika

Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Methali hii sisi watu wa pwani huitumia kumwonya mtu asidhani anayajua ya ndani ya nyumba ya mwenzake. Mimi nilikwenda Ruiru na Thika nikitaka kuyajua ya ndani, nikawauliza Wakristo wa huko swali moja tu: ninyi mnapambana vipi na shetani?

Msomaji asistaajabie swali hilo. Waislamu tunaisoma Suratun-Nas tukijikinga na yule mtia wasiwasi anayejificha. Wakristo nao wana waraka wa Paulo kwa Waefeso, unaomfananisha muumini na askari aliyevaa chapeo na kushika ngao. Adui ni mmoja. Nilichotaka kukijua ni silaha.

Ukitoka Nairobi kwa barabara kuu ya Thika, unapita Ruiru, kisha Juja, ndipo unaingia Thika yenyewe. Nchi hii zamani ilikuwa ya mashamba makubwa ya kahawa na katani ya masetla. Siku hizi majumba ya ghorofa yamemeza sehemu kubwa ya mibuni. Makanisa ni mengi, mengine ya mabati matupu, na nguzo za umeme zimebandikwa matangazo ya mikutano ya kuvunja laana na kufukuza pepo. Wapo wanaouza mafuta na maji yaliyoombewa. Mtu wa pwani aliyezoea kombe na hirizi hatayaona mageni hayo.

Lakini wazee wa makanisa ya zamani, ya Kianglikana na ya Kipresbiteri, hawakunielekeza kwenye mafuta. Walinihadithia habari za Walokole.

Uamsho huo chanzo chake ni Uganda na Rwanda. Mwaka 1929, katika kilima cha Namirembe mjini Kampala, daktari Mwingereza jina lake Joe Church alikutana na Mganda Simeoni Nsibambi, wakasoma Biblia na kusali pamoja. Moto ukawaka katika misheni ya Gahini, Rwanda, na mwishoni mwa miaka ya 1930 ukafika kwa Wakikuyu, ambako wafuasi wake waliitwa ahonoki, yaani waliookoka. Hawa hawakujenga kanisa lao. Walibaki makanisani mwao, ila walikutana kila wiki vikundi vikundi, wakiimba Tukutendereza, wimbo wa Kiganda wa kumsifu Yesu.

Na silaha yao? Wao huiita kutembea nuruni. Mtu husimama mbele ya wenzake akalitaja kosa lake kwa jina: pombe, wizi, uzinzi, chuki kwa jirani. Aliyeiba hurudisha alichoiba, na aliyegombana huenda kuomba radhi kwa mguu wake.

Mama mmoja mzee wa Ruiru, aliyeokoka akiwa msichana, alinieleza hivi: "Mwanangu, jambo ambalo wenzako wote wamelijua, shetani atakutisha nalo vipi? Anakushika kwa lile ulilolificha."

Nikamwambia, "Mama, sisi kwetu tumefundishwa kusitiri. Mungu akikufunikia aibu yako, si adabu kuamka asubuhi ukaifunua mwenyewe."

Akacheka. "Hata sisi yalituumiza. Kuna nyumba zilizovunjika kwa maneno yaliyosemwa mbele za watu. Ndiyo maana tukajifunza: dhambi yako iseme, ya mwenzako iache."

Jibu hilo lilinikaa. Basi tuone silaha yenyewe ilifaa nini ilipofika siku ya vita.

Mtihani wao mkubwa ulikuwa kiapo. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari. Wapiganaji wa Mau Mau walidai ardhi na uhuru, na dai lao lilikuwa la haki. Mashamba ya Thika na Ruiru yalikuwa ushahidi mtupu. Walifungana kwa kiapo cha siri, chenye nyama na damu ya mbuzi. Walokole walikataa kukila, wakisema kwamba damu ya Yesu waliyokwisha kuipokea inawatosha. Lakini wengi wao walikataa pia kuchukua bunduki za serikali ili kuwapiga ndugu zao. Hivyo walishukiwa na pande zote mbili, na wako waliouawa.

Ukadhani mambo hayo yalikwisha na uhuru. Sivyo. Tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya aliuawa kwa risasi mjini Nairobi, na nchi ikachafuka. Muda si muda mabasi na malori yakawa yanawapeleka Wakikuyu Gatundu, mwendo mfupi magharibi ya Thika, nyumbani kwa Rais Jomo Kenyatta. Ilisemwa kwamba wanakwenda kunywa chai. Chai hiyo ilikuwa kiapo cha kwamba uongozi wa nchi usitoke mikononi mwa kabila lao. Wako waliokwenda kwa hiari, na wako waliosombwa.

Safari hii hapakuwa na mkoloni wa kusingiziwa. Aliyekataa alikuwa akiwakatalia watu wake mwenyewe. Wakristo wengi walikataa vivyo hivyo. Walipigwa, na mzee mmoja wa Kanisa la Presbyterian alifariki kwa kipigo hicho. Gazeti la makanisa, Target, ambalo mhariri wake alikuwa Henry Okullu, baadaye Askofu wa Maseno Kusini, lilikipinga kiapo hicho waziwazi. Viongozi wa makanisa nao walipaza sauti, na kabla ya mwaka kwisha malori yakakoma.

Hapo ndipo nilipomwelewa yule mama. Kiapo cha siri humtaka mtu awe na chumba ndani ya moyo wake ambacho mkewe hakijui, jirani hakijui, wala wenzake wa ibada hawakijui. Mtu aliyezoea kwa miaka mingi kufungua kila mlango mbele ya wenzake hana pa kukiweka kiapo namna hiyo.

Mimi sikurudi pwani na nia ya kutangaza makosa yangu barazani. Toba yangu ni baina yangu na Mola wangu, na maulamaa wetu wametufundisha muhasaba, mtu kuihesabu nafsi yake kila usiku kabla ya kulala. Lakini muhasaba huo ni wangapi wetu wanaoufanya? Anayegongewa mlango usiku akaambiwa apande lori hana tena nafasi ya kutafuta hirizi. Atasimama kwa kile alichokuwa akikifanya Ijumaa baada ya Ijumaa, kama wale walivyosimama kwa yale waliyoyafanya wiki baada ya wiki katika vikundi vyao vidogo vya Ruiru na Thika.