Bao la Kiswahili linamsubiri mwanafunzi wa kompyuta

Mwanafunzi wa kompyuta anapofika mwaka wa mwisho hutakiwa kuwasilisha mradi, na wapo wanaochagua kutengeneza mchezo wa watu wawili. Ni chaguo zuri, kwa sababu mchezo humlazimisha kufikiri kuhusu zamu, sheria, ushindi na mbinu, yote kwa pamoja. Linalonisikitisha ni kwamba wengi hukimbilia sataranji, mchezo ambao programu zake zimejaa duniani na msimbo wake unaweza kunakiliwa kwa jioni moja. Kijana aliyekulia Kilosa au Mikumi, mkoani Morogoro, ana bao, mchezo wenye ugumu wa aina yake, na walimu wake wamekaa barazani.

Mikumi mtu angeanza kufikiria drafti. Mji uko kwenye barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia, na malori yanaposimama, ubao wa drafti wenye vizibo vya soda hauko mbali. Lakini drafti limeshachambuliwa mno. Mwaka 1959 Arthur Samuel wa kampuni ya IBM nchini Marekani alichapisha kazi yake kuhusu programu ya drafti iliyojifunza kwa kucheza yenyewe kwa yenyewe. Mwaka 2007 Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Canada, walithibitisha kwamba katika drafti la Kiingereza, wachezaji wawili wasiokosea hata mara moja watatoka sare. Bao la Kiswahili halijafikia hapo.

Kulihifadhi bao kwenye kompyuta ni kazi nyepesi. Ubao una safu nne za mashimo manane, jumla mashimo 32, na kete ni 64. Kwa hiyo orodha ya namba 32 inatosha, ukiongeza namba mbili za kete zilizo mkononi na alama mbili za kuonyesha kama nyumba ya kila mchezaji bado ipo, pamoja na alama ya zamu. Mchezo unapoanza, kila mmoja ana kete sita kwenye nyumba, ambayo ni shimo la tano kutoka kushoto kwake katika safu ya mbele, na kete mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata kuliani. Nyingine 22 zipo mkononi, na huingizwa moja moja katika hatua ya namua. Zikiisha, mchezo huingia hatua ya mtaji.

Sasa tazama mwendo mmoja tu. Hakuna cha kula mwanzoni, kwa hiyo anayeanza lazima atakate, yaani asambaze bila kula. Anaweka kete katika shimo la sita kutoka kushoto, zinakuwa tatu, anazichota na kuzisambaza kuelekea kushoto: moja inaingia nyumba na kuifanya iwe na saba, moja shimo la nne, moja shimo la tatu. Shimo la tatu lilikuwa tupu, kwa hiyo mwendo unalala hapo. Kwa jicho la mgeni kila kitu ni shwari. Lakini kete zile mbili mpya zimetazamana na mashimo ya mpinzani yenye kete, moja ikiwa mbele ya nyumba yake kabisa, na zamu inayofuata ni ya kuliwa. Programu isiyoangalia zaidi ya zamu yake yenyewe itajiingiza katika mtego huu kila siku.

Ndiyo maana mwanafunzi ataifundisha kompyuta kutazama mbele: nikicheza hivi, mwenzangu atajibu vipi, nami nitajibu nini. Katika namua kuna mashimo manane ya mbele na pande mbili za kusambaza, yaani chaguo zisizozidi 16. Zamu tatu zinafikisha njia 4,096, na zamu sita zinafikisha milioni 16 na ushee. Sheria hupunguza nyingi kati ya hizo, maana anayeweza kula lazima ale, na zipo njia za kuiamuru kompyuta iache kufuatilia tawi ambalo limeshaonekana baya. Kompyuta mpakato ya kawaida inaimudu kazi hiyo.

Ugumu wa kweli uko kwingine. Katika sataranji mwendo mmoja kwa kawaida huhamisha kete moja. Katika bao mwendo mmoja unaweza kuzunguka ubao, ukala hapa na pale, na mtu aliyekuwa anaongoza akabaki na safu ya mbele nyeupe. Kuhesabu nani ana kete nyingi hakutoshi kusema nani yuko vizuri. Kete za nyuma zina usalama ambao za mbele hazina, na nyumba iliyojaa ni akiba na ni hatari kwa wakati mmoja. Uzito wa kila kimoja ndicho kitu ambacho mchezaji mzoefu anacho kichwani na hajawahi kuombwa akiseme.

Kilosa hapo ina utajiri. Ni mji wa Reli ya Kati na mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa, na kazi hizo ziliwaleta watu wa mikoa mingi wakaishi pamoja na Wasagara, Wakaguru na Wavidunda. Mzee aliyejifunzia bao pwani na aliyejifunzia bara wanaweza kutofautiana katika jambo dogo la sheria wakalimaliza kwa maneno mawili, mchezo ukaendelea. Kompyuta haina uwezo huo. Kijana akiuliza, "Babu, kete ya mwisho ikiangukia nyumba yangu na siwezi kula, nisimame au nisafiri nayo?" akajibiwa kwamba inategemea, itambidi aendelee kuuliza: inategemea nini? Ni namua au mtaji? Mwendo ulianza kwa kula au kwa kutakata? Nyumba imeshachezwa au bado? Kwa maoni yangu, maswali haya ndiyo moyo wa mradi mzima, na chuo kingepaswa kuyapa alama nyingi kuliko urembo wa rangi kwenye skrini.

Wapo waliotangulia. Alex de Voogt, mtafiti Mholanzi, alifanya utafiti wake na mabingwa wa Zanzibar na kutoa kitabu kuhusu umahiri wao mwaka 1995. Baadaye Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk wa Maastricht waliandika kuhusu kuliingiza bao kwenye kompyuta. Watafiti hao wameonyesha pia jambo ambalo mwanafunzi asipolijua programu yake itaganda: kuna hali ambazo mwendo mmoja unaweza kuzunguka bila kulala kamwe. Lazima aweke kikomo cha mizunguko, na kabla ya kukiweka awaulize wazee wao hukata vipi mwendo wa namna hiyo.

Kwa anayetaka kuanza likizo hii, nashauri aanze na bao la kujifunza, ambalo kila shimo lina kete mbili na hakuna namua. Likikubali, aongeze nyumba, kisha namua, kisha masharti ya kichwa na kimbi (mashimo ya pembezoni mwa safu ya mbele) yanayoamua kete zilizoliwa zianzie upande gani. Takasia, sheria inayomkataza mpinzani kulicheza shimo linalotishiwa, iachwe mwisho, kwa sababu ina masharti ndani ya masharti. Kila hatua ajaribu kwa ubao halisi: mzee acheze kwa kete za komwe, kijana abonyeze mwendo uleule, na mashimo yote 32 yalinganishwe. Hesabu ikipishana hata kwa kete moja, programu ndiyo ichunguzwe kwanza.

Wanaosoma katika vyuo vikuu vya SUA au Mzumbe hawako mbali na nyumbani, na anayesoma Dodoma ana treni ya SGR inayopita Kilosa tangu 2024, kwa hiyo kurudi barazani na toleo jipya si safari ya kuogopwa. Kila sheria iandikwe pamoja na mahali ilipopatikana, na zikitofautiana zihifadhiwe zote, mchezaji achague kabla ya kuanza. Na ndani ya msimbo majina yabaki nyumba, kichwa, kimbi, namua na mtaji, ili mwanafunzi atakayeirithi kazi hiyo mwakani aweze kuwasomea wazee sheria moja baada ya nyingine, nao wamsahihishe.