Je, Ajali Haina Kinga? Mpango wa Barabara Salama kwa Mfano wa Otonglo

Utangulizi

Wahenga walisema ajali haina kinga. Methali hii husikika matangani na redioni kila gari linapopinduka na kuua. Neno lenyewe limeibeba imani hiyo. Asili ya "ajali" ni Kiarabu, ambako humaanisha muda uliowekwa, hasa muda wa mtu kufikwa na mauti. Hivyo basi, tunapokiita kifo cha barabarani "ajali", huwa tumekwisha kutoa hukumu kabla ya uchunguzi: siku ya marehemu ilikuwa imewadia. Makala haya yanashikilia kwamba vifo vingi vya barabarani vina chanzo kinachoweza kuonekana mapema, barabara ingali mchoro katika karatasi, na kwamba vinakingika. Otonglo itatumiwa kama mfano.

Barabara moja, kazi mbili

Otonglo ni kituo cha biashara kilicho kando ya barabara kuu itokayo mjini Kisumu, ikapita karibu na uwanja wa ndege na kuelekea Kisian. Hapo Kisian njia hugawanyika, moja ikienda Maseno na Busia, nyingine Bondo. Kwa dereva wa lori la masafa marefu, Otonglo ni mahali pa kupita tu. Kwa mchuuzi, mwanafunzi, mwendeshaji wa bodaboda na abiria wa matatu, ni mahali pa kufika, kusimama na kuvuka. Kazi hizi mbili zinakinzana, na tofauti yake ni mwendo.

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita takribani mita 22 kila sekunde. Ikiwa dereva atachukua sekunde moja kumwona mtoto na kukanyaga breki, mita hizo zitakuwa zimekwisha kabla gari halijaanza kupunguza mwendo. Kwa kilomita 50, ni mita 14. Fauka ya hayo, nguvu ya kugonga haiongezeki sambamba na mwendo. Kwa kilomita 80, nguvu hiyo ni zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ya kilomita 50. Sheria ya Trafiki ya Kenya imeweka kikomo cha kilomita 50 katika vituo vya biashara na miji. Hata hivyo, barabara pana iliyonyooka humwambia dereva jambo jingine, na mara nyingi dereva huitii barabara kuliko kibao.

Gharama ya ukinzani huu ilionekana tarehe 30 Juni 2023 katika makutano ya Londiani, kwenye barabara ya Kericho kwenda Nakuru. Lori lililopoteza mwelekeo liliwavamia wachuuzi, abiria na wanabodaboda waliokuwa kandokando ya barabara, na watu zaidi ya 50 wakafa. Serikali iliagiza wafanyabiashara waondoke kando ya barabara kuu. Lakini mchuuzi hufuata mteja, na mteja hushukia pale matatu inaposimama. Agizo lisiloandamana na soko jipya na kituo kipya cha matatu haliwezi kudumu.

Mfumo wa barabara salama

Mwaka 1997, bunge la Sweden lilipitisha sera iliyolenga kuondoa kabisa vifo na majeraha mabaya barabarani. Msingi wake ni mwepisi kueleza: binadamu hukosea, na mwili wake una kikomo cha kustahimili kishindo. Kwa hiyo, mpangaji wa barabara ana wajibu wa kuhakikisha kwamba kosa la kawaida halimgharimu mtu uhai wake. Sera hii haimwondolei dereva mlevi lawama. Inaongeza tu mtu wa pili wa kuulizwa, naye ni aliyeichora barabara.

Pengine msomaji atasema kwamba Sweden ni nchi tajiri. Na tutazame Ghana. Katika makutano ya Suhum, kwenye barabara kuu ya Accra kwenda Kumasi, viliwekwa vituta vidogovidogo vya kulitikisa gari ili dereva apunguze mwendo. Migongano ilipungua kwa takribani asilimia 35 na vifo kwa asilimia 55. Gharama yake ilikuwa ndogo.

Otonglo na vituo vya aina yake

Mpango wa kituo cha aina hii hupimwa kwa maswali manne. Kwanza, je, mwendo unapunguzwa na umbo la barabara yenyewe, kwa matuta na lango la kuingilia sokoni, kabla ya kutegemea askari? Pili, je, kivuko kipo pale watu wanapovukia hasa, na kina kisiwa katikati ili mtu avuke upande mmoja kwa wakati? Tatu, je, matatu na bodaboda zina mahali pa kusimama nje ya njia ya malori? Nne, je, kuna njia ya miguu na taa za usiku?

Swali gumu zaidi ni la nani anayewajibika. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, barabara kuu ni za serikali ya kitaifa ilhali masoko ni ya kaunti. Mchuuzi wa kando ya barabara kuu anakaa mpakani mwa mamlaka hizo mbili, na ni rahisi kila moja kumwachia mwenzake. Takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani zinaonyesha kwamba zaidi ya watu 4,700 walikufa barabarani nchini Kenya mwaka 2024, na kundi kubwa zaidi lilikuwa la waendao kwa miguu.

Hitimisho

Katiba hiyohiyo inataka umma ushirikishwe. Lakini mchuuzi atashirikije ikiwa mchoro na maelezo yake yameandikwa kwa Kiingereza cha wahandisi? Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili ana kazi: kuunda na kusambaza istilahi, na kutafsiri mipango ili mwenye kibanda aweze kusema, "Kivuko mmekiweka pabaya; sisi huvukia pale." Tukianza kuuliza mahali palipangwaje kila mtu anapogongwa, tutakuwa tumeanza kuitafutia ajali kinga.