Nyekundu Alipomkaribisha Mgeni

Sogeeni, wanangu, niwasimulie habari za Nyekundu na mgeni wake.

Mwaka 1993, huko Marekani, ulitoka mchezo wa karata uitwao Magic: The Gathering, uliobuniwa na mtaalamu wa hesabu, Richard Garfield. Ndani yake mna rangi tano, na kila rangi hulishwa na ardhi yake: Nyeupe tambarare, Buluu visiwa, Nyeusi vinamasi, Nyekundu milima, Kijani misitu. Kila mchezaji huja na fungu lake la karata zisizopungua 60 na huanza na uhai 20. Uhai ukiisha, umeshindwa.

Nyekundu ni wa moto na haraka. Karata yake mashuhuri, Lightning Bolt, hugharimu nguvu ya mlima mmoja tu, nayo humchoma mpinzani uhai 3. Haya, pigeni hesabu. Karata sita ni 18, bado. Ya saba ndiyo inayomaliza kazi. Basi wachezaji wa mashindano wakakusanya karata za namna hiyo, wakajaza fungu zima, wakaliita Burn. Milima mitupu, moto mtupu.

Mtauliza, sasa mgeni wa nini? Ni kwa sababu Nyekundu ana maradhi mawili. La kwanza, hajui kujiponya. La pili, mpinzani akiweka mezani uchawi wa kudumu wa kujikinga, Nyekundu hana namna ya kuuvunja. Dawa zote mbili anazo Nyeupe. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Na Nyeupe hakuja mikono mitupu. Wakishirikiana, wanapata Boros Charm, inayodai nguvu ya rangi zote mbili na kuchoma uhai 4; tano tu zinatosha kumaliza 20. Wanapata pia Lightning Helix, inayomchoma mpinzani 3 na kukuongezea wewe 3.

Lakini mgeni naye anakula. Mchezaji makini haongezi fungu likapita 60, maana likinenepa, karata bora zinachelewa kufika mkononi. Kwa hiyo kila karata ya Nyeupe inayoingia, moja ya Nyekundu inatoka. Halafu kuna suala la ardhi. Ukiweka ardhi 4 tu zinazomlisha Nyeupe, basi katika michezo 100, ni kama 40 tu utakayoanza na angalau moja kati ya karata zako saba za mwanzo. Ukiweka 12, inakuwa kama 81. Tofauti hiyo si ndogo!

Ardhi 12 za Nyeupe zitoke wapi bila Nyekundu kufa njaa? Zitafutwe zile zinazolisha wote wawili, kama Sacred Foundry. Hiyo ukitaka ikufae papo hapo, lipa uhai 2. Usipolipa, inaingia imelala. Ipo na Arid Mesa: unalipa uhai 1, unaitupa, unakwenda kuitafuta Sacred Foundry ndani ya fungu. Moja na mbili ni ngapi? Tatu! Yaani umejipiga Lightning Bolt mwenyewe, mpinzani akitazama.

Je, inafaa? Inategemea aliyeketi mbele yako. Akiwa mpinzani wa polepole, uhai 3 si kitu. Utammaliza kabla hajakugusa. Akiwa naye ni mtu wa moto, umemzawadia karata nzima, na hapo ndipo Lightning Helix inapokurudishia ulichotoa.

Tena iko karata moja, Blood Moon. Ikiwekwa mezani, kila ardhi isiyo mojawapo ya zile tano za msingi hugeuka mlima. Ardhi zote zilizokuwa zikilisha wote wawili zinaacha kumlisha Nyeupe, na karata zake zinabaki mkononi bila kazi. Nyekundu bado anapigana, kwa sababu fungu lilibaki lake; Nyeupe alipewa nafasi chache tu.

Basi ukitaka kuongeza rangi kwenye fungu lako, taja kwanza ugonjwa unaotibu, kisha hesabu unachotoa, uhai na ardhi. Rangi isiyo na ugonjwa wa kutibu ni pambo. Na ukiikubali, cheza nayo michezo mingi. Karata inayokaa mkononi kila mara bila kuchezeka, iambie kama wazee wanavyomwambia mgeni siku ya tatu: shika jembe, au nenda zako.